Kujiona Duni Si Unyenyekevu

Katika sharika zetu kuna aina ya mtoto tunayempenda kuliko wenzake. Ni yule anayejikunja akiulizwa swali, sauti yake haivuki benchi la mbele, na akiombwa asome somo siku ya Jumapili anatikisa kichwa na kujificha nyuma ya gauni la mama yake. Tunasema ana adabu. Tunasema ni mnyenyekevu, Mungu ambariki. Mimi nimefundisha darasa la kwanza na la pili hapa Usambara mpaka nikastaafu, na shule ya Jumapili naifundisha hadi leo, na nasema bila kusita kwamba mara nyingi tunachokisifia pale si unyenyekevu hata kidogo. Ni mtoto aliyekwisha kuamini kwamba hafai, na sifa zetu zinamthibitishia.

Ndiyo maana swali hili kwangu ni la imani kabla halijawa la saikolojia. Je, Mungu anataka tujione duni? Wapo waumini wema kabisa wanaodhani kwamba kadiri mtu anavyojidharau ndivyo anavyomkaribia Muumba wake. Naona wamechanganya mambo mawili yasiyo na undugu, na mchanganyiko huo unaanza kuwaumiza watu wakiwa na umri wa miaka mitatu, minne, kabla hawajajua hata kuandika majina yao.

Mtazame Sauli mwana wa Kishi. Wahubiri wengi humsimulia kama mtu aliyeanza vizuri akaharibiwa na cheo. Alipodokezewa habari ya ufalme alijibu kwamba anatoka kabila dogo kuliko yote ya Israeli, na ukoo wake ni wa mwisho ndani ya kabila hilo. Siku ya kupigiwa kura alitafutwa asionekane, akakutwa amejificha kwenye mizigo. Mtu aliyewapita wote kwa kimo kuanzia mabegani kwenda juu, amejikunyata katikati ya mizigo! Unyenyekevu ulioje, tuliambiwa.

Lakini rudi nyuma kidogo, usome sura za mwisho za kitabu cha Waamuzi. Gibea, mji wa kwao Sauli, ndio ule ambao wanaume wake walimnajisi suria wa Mlawi usiku kucha mpaka akafa. Makabila mengine yakakusanyika kulipiza, yakawachinja Wabenyamini, kabila la Sauli, na kuichoma miji yao, wakasalia wanaume 600 waliokimbilia mwamba wa Rimoni. Wenzao wakaapa kwamba hakuna atakayewaoza binti yake, hata wake za hao waliosalia ikabidi wapatikane kwa kutekwa. Hiyo ndiyo habari iliyokuwa ikisimuliwa Israeli juu ya kwao Sauli. Mtu wa Gibea akitaja anakotoka, nadhani wasikilizaji walitazamana. Kwa hiyo aliposema kabila letu ni dogo, hakuwa akionyesha adabu. Lilikuwa jeraha linasema, na aliyelisema alikuwa amelirithi kabla hajazaliwa.

Sasa angalia jeraha hilo lilipopewa taji. Katika vita na Waamaleki aliacha kufanya alichoagizwa, na alipobanwa na nabii Samweli alikiri kwamba aliwaogopa watu akawasikiliza wao. Hata baada ya kuambiwa ufalme umeondolewa kwake, ombi lake kwa nabii lilikuwa amheshimu mbele ya wazee. Kisha wanawake wakatoka na matari wakimwimba Daudi kwa hesabu kubwa kuliko yake. Tangu siku hiyo hakulala vizuri, na mkuki ukaanza kuruka nyumbani. Mimi siamini kwamba cheo kilimharibu Sauli. Aliyejificha kwenye mizigo na aliyerusha mkuki ni mtu yule yule, na kilichomsukuma mara zote mbili ni kitu kile kile: hofu ya kuonekana mdogo.

Chuo cha ualimu mkufunzi wetu wa saikolojia alitutajia daktari mmoja wa Vienna, Alfred Adler, mstari mmoja ubaoni, tukanakili tukapita. Nilikuja kumsoma vizuri baadaye sana, nikakuta ameeleza kitabibu nilichokuwa nikikiona kwa Sauli.

Adler alizaliwa 1870 katika kitongoji cha Vienna, na mwili wake ndio uliokuwa mwalimu wake wa kwanza. Alipata matege yaliyotokana na mifupa laini, akachelewa kutembea; akikaa amefungwa bandeji alimtazama kaka yake mkubwa akikimbia na kuruka bila shida. Angali mdogo, mdogo wake aliyelala naye chumba kimoja alikufa kwa dondakoo. Muda si mrefu yeye mwenyewe akapatwa na nimonia, akamsikia daktari akimwambia baba yake kwamba mtoto huyu hatapona. Alipopona akaazimia kuwa daktari. Shuleni alikuwa hafifu kwa hesabu, na inasimuliwa kwamba mwalimu alimshauri baba amtoe akajifunze kushona viatu. Baba alikataa. Mwaka 1895 kijana huyo alihitimu udaktari Chuo Kikuu cha Vienna.

Kliniki yake ilikuwa karibu na viwanja vya burudani vya Prater, na miongoni mwa wagonjwa wake walikuwa wanasarakasi. Aliona jambo la ajabu: baadhi ya hao wenye miili ya kutisha kwa nguvu walikuwa dhaifu utotoni, na nguvu zao zilianzia kwenye udhaifu ule. Akaanza kulifuatilia wazo hilo. Mwaka 1902 alijiunga na kikundi cha Sigmund Freud kilichokutana kila Jumatano, mwaka 1907 akatoa kitabu juu ya udhaifu wa viungo vya mwili, na mwaka 1911 akaachana na Freud kwa sababu hakukubali kwamba mtu anaendeshwa tu na yaliyo nyuma yake. Kwa Adler, kila mtoto huanza akiwa mdogo katikati ya watu wakubwa, miguu haifiki chini akikaa kitini, na kujiona mdogo ndiko kunakomfanya akue. Tatizo huja pale hisia hiyo inapozidishwa, ama na ulemavu, ama na kudekezwa, ama na kutelekezwa. Hapo mtoto hutafuta pa kukimbilia. Mmoja hukimbilia kwenye mizigo. Mwingine hukimbilia kwenye ubabe, na yule tunayemwona ana majivuno huenda ndiye anayejiona duni kuliko wote chumbani. Na yupo anayepata njia ya tatu: anapewa nafasi ya kufaa wenzake, na kule kujiona mdogo kunapoteza meno.

Wagonjwa wake aliwauliza swali moja ambalo nimelipenda sana: unakumbuka nini cha kwanza kabisa maishani? Yeye mwenyewe alikuwa na kumbukumbu yake ya utotoni. Alikumbuka kwamba njiani kwenda shule walipita makaburini, wenzake wakipita bila wasiwasi na yeye akitetemeka, mpaka siku moja akaweka mkoba chini akakimbia kuvuka makaburi yale, akarudi, akavuka tena, akarudia mpaka woga ukaisha. Miaka mingi baadaye alikutana na mtu waliyesoma naye, akamuuliza habari za makaburi yale. Yule bwana akashangaa: njia ile haikuwa na makaburi. Adler akatambua kwamba kumbukumbu hiyo aliitunga mwenyewe, kwa kuwa alihitaji kujiona kama mtu awezaye kuvuka woga. Hakuificha habari hiyo, aliisimulia. Na mimi naona ndiyo ushahidi wake mkubwa kwamba yaliyotupata utotoni hayatutawali peke yake; yanatutawala pamoja na maana tuliyoyapa, na maana hiyo mara nyingi tulisaidiwa kuitunga.

Hapo ndipo naingia mimi na mkono wangu.

Mimi nina mashoto. Nyumbani kwetu, kumpa mgeni kikombe cha chai kwa mkono wa kushoto kulikuwa sawa na kumtukana, na mama, aliyenipenda mno, alinifungia mkono huo kwa kipande cha kanga wageni walipokuja. Hilo nililielewa, ni desturi. Shuleni ndiko kulikouma. Mwalimu wangu wa kwanza aliniamuru niandike kwa kulia, na herufi zangu zilipolala chali aliliinua daftari darasa zima lilione. Nikagundua kwamba nisipoandika hakuna anayecheka. Nikagundua pia kwamba nisiposema, hakuna anayenitazama. Ndani ya mwaka mmoja nikawa mtoto kimya kuliko wote, na hapo ndipo sifa zilipoanza. Mtaani walimwambia mama amejaliwa binti mtulivu. Kanisani walisema ana moyo wa unyenyekevu. Shule ya Jumapili walitundika picha ya siku ya mwisho, kondoo wamesimama mkono wa kulia wa Mwana wa Adamu na mbuzi mkono wa kushoto wakielekea motoni, na aliyetufundisha akaninyooshea kidole akasema unaona, ndiyo maana tunakukataza. Nililala usiku ule nimeulalia mkono ili usionekane. Sikuwa nimejifunza lolote juu ya Mungu, isipokuwa kwamba aliniumba upande mbaya.

Aliyenitoa huko hakuwa mchungaji wala mwalimu. Alikuwa mjomba, fundi mwashi. Likizo moja nilipelekwa kwake, naye alikuwa akipiga lipu nyumba ya mfanyabiashara mmoja. Nilikaa pembeni na ndoo ya maji nikimtazama. Ukuta ulio wazi alimaliza haraka, lakini alipofika kwenye pembe ya ndani iliyokuwa kulia kwake, mkono ulibanwa na ukuta wa pili. Akawa anajikunja, anapinda kiwiko, lipu inadondoka. Akaniita.

“Mama, njoo hapa.”

“Abee, mjomba.”

“Shika mwiko. Kwa mkono wako huo huo.”

Nilisita. Akaniwekea mwiko mkononi, mkono wa kushoto, akanionyesha namna ya kuuegemeza bapa na kuvuta kutoka chini kwenda juu bila kunyanyua. Kwa mashoto, pembe ile iko wazi kabisa. Mkono unakuja kutoka upande wenye nafasi. Nilivuta mara ya kwanza ikawa mawimbi. Nikavuta tena, nikavuta tena. Alipitisha ubao wa kunyooshea, akatazama, akasema imenyooka, akaendelea na kazi yake. Kisha akanieleza kwamba Tanga mjini alikuwa akifanya kazi na fundi mwenye mashoto, na kwamba mafundi walimgombania kwa ajili ya pembe. Hakuniambia kwamba nisijali, wala hakunihurumia. Alinipa kazi iliyouhitaji mkono wangu, na jioni akamwambia shangazi, mke wake, kwamba pembe ya sebuleni nimeipiga mimi.

Mkono haukubadilika. Watu wangu wa nyumbani hawakubadilika, na mgeni hadi leo nampa chai kwa kulia kwa kuwa namheshimu. Kilichobadilika ni kwamba nilijua kuna mahali duniani ambapo nilivyo ndivyo ninavyotakiwa. Nilipokuja kusoma kwamba Adler aliita afya ya nafsi uwezo wa kushiriki na wenzako na kuwafaa, sikuhitaji kufafanuliwa.

Na Biblia yenyewe, ile iliyotumika kunitisha, ina Ehudi. Ni Mbenyamini kama Sauli, mwenye mashoto, aliyefunga upanga paja la kulia ndani ya nguo na kuwakomboa Israeli mikononi mwa Egloni mfalme wa Moabu. Kabila hilo hilo lilikuwa na wapiga kombeo 700 wa mashoto waliolenga unywele bila kukosa. Nilikaa shule ya Jumapili utoto wangu wote na hakuna aliyenisomea habari hizo. Mbuzi walikuwa karibu zaidi.

Sisemi kwamba jambo hili ni jepesi, kana kwamba kila mtoto akipata mjomba mwema yamekwisha. Katika jumuiya yetu niliwahi kuwauliza akina mama swali la Adler, kila mmoja na kumbukumbu yake ya kwanza. Wawili ni mtu na mdogo wake, na walikumbuka Krismasi moja: wenzao wana viatu vipya, wao wanatembea nyuma ya watu ili nyayo zisionekane. Mkubwa, kila Desemba, hununulia watoto wa jirani viatu kwa siri. Mdogo amekuwa mtu wa kuhesabu alichonyimwa. Kiti cha mbele akipewa mwingine, wiki nzima hatusalimiani. Mama yao alikuwa mmoja, umaskini ulikuwa mmoja. Kati ya jeraha na mtu kuna mlango ambao hatuuoni ulivyofunguka, na hapo mimi hunyamaza, sihukumu.

Kuna jambo jingine ambalo Adler hakulifikisha mbali, na aliyelifikisha ni mtu mweusi. Frantz Fanon, daktari wa akili kutoka Martinique, katika kitabu chake cha 1952 alimjibu Adler waziwazi. Alisema Mweusi wa Martinique hajilinganishi na jirani yake peke yake. Katikati yao yupo Mzungu asiyeonekana, aliyewekwa kuwa kipimo, na huwezi kumtibu mtu mmoja mmoja huku kipimo kikiwa palepale. Sisi tuliosoma shule ambako aliyenaswa akisema lugha yake alivalishwa kibao shingoni tunajua anachosema. Mwalimu Nyerere alipoapishwa kuwa Rais Desemba 1962 alilitaja hilo kama kosa baya kuliko yote ya ukoloni, kutuaminisha kwamba utamaduni wetu wenyewe hatuna au hauna thamani. Gibea si ya Sauli peke yake. Mataifa nayo hulelewa Gibea.

Mwaka 1933 Adler na mchungaji wa Kilutheri wa Ujerumani, Ernst Jahn, walitoa kitabu kimoja wakijadiliana juu ya dini na saikolojia. Adler alimchukua Mungu kama wazo la juu kabisa la ukamilifu ambalo binadamu amejiwekea ili alipandie. Jahn alisisitiza kwamba Mungu yupo na anatenda, na kwamba neema haitokani na sisi. Namheshimu Adler sana, ila hapa niko upande wa Jahn, na si kwa sababu ya ulutheri wangu tu. Kama Mungu ni kilele cha kupanda kwangu, basi mtoto mwenye matege anabaki bondeni na wenye miguu mizuri wanafika. Lakini Musa hakupanda. Alikuwa Midiani akichunga kondoo wa mkwe wake, mtoto aliyetupwa mtoni, akalelewa katika nyumba ya watesi wa ndugu zake, akaua, akakimbia, na ulimi wake ulikuwa mzito. Akaitwa alipokuwa.

Soma Kutoka sura ya nne kwa makini. Musa anajitetea kwamba si msemaji, na anapofikia kuomba atumwe mwingine, Mungu anakasirika. Kule kujidharau ambako sisi tungekusifia kanisani, Mungu alikukasirikia. Na hakumlaumu kwa kigugumizi, wala hatusomi hapo kwamba alimponya. Alimpa Haruni awe pamoja naye. Jirani yangu mwalimu wa madrasa anasema katika Kurani pia Musa aliomba fundo la ulimi lifunguliwe na ndugu yake apewe sehemu ya kazi, na tumekubaliana yeye na mimi kwamba haya ndiyo malezi yanayotakiwa: kazi halisi, na mtu wa kusimama kando yako.

Halafu kitabu cha Hesabu kinamtaja Musa huyu huyu kuwa mnyenyekevu kuliko watu wote wa duniani. Huyu aliyesimama mbele ya Farao, aliyebishana na Mungu uso kwa uso! Watu walipofanya ndama wa dhahabu, Musa aliomba wasamehewe, na kama haiwezekani basi yeye afutwe katika kitabu cha Mungu. Sauli aliomba aheshimiwe mbele ya wazee. Anayejiona duni hawezi kuacha kujitazama, hata akiwa amejificha. Mnyenyekevu amepata cha kutazama kilicho kikubwa kuliko yeye, akajisahau. Mtoto anayejikunja nyuma ya gauni anajitazama mchana na usiku, na maumivu yake yako hapo hapo.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wenzangu wa shule ya Jumapili na kwa wazazi. Tuache kusifia woga. Mtoto asiyesema, tumuulize anakumbuka nini, tusikilize bila kumsahihisha, kisha tumtafutie kazi ya kweli inayomhitaji yeye: kupanga vitabu vya nyimbo, kuhesabu sadaka na wazee, kumwongoza bibi asiyeona mpaka kiti chake, kusoma mstari mmoja tu mbele ya watu watano kabla ya kusoma mbele ya mia tatu. Picha ya kondoo na mbuzi ifundishwe kama Yesu alivyoifundisha, habari ya wenye njaa na wafungwa, na isinyooshewe mtoto yeyote kidole. Habari ya Ehudi isomwe. Na wachungaji waseme mimbarini wenyewe kwamba kujiona duni si unyenyekevu, maana sisi walimu wa watoto tukilisema hilo peke yetu, mzazi anatusikiliza kwa heshima, anatuambia asante mwalimu, kisha anarudi nyumbani kuufunga mkono wa mtoto kwa kanga.